Malisho ya Mke Mdogo

Kila asubuhi Malipuo alipotoka nje, jicho lake lilikwenda kwanza kwenye majani ya malisho ya mke mwenzake. Yalikuwa yamenona. Ya kwake, ng'ambo ya ukuta wa mawe, yalikuwa mafupi kama nywele za mfiwa aliyenyolewa juzi. Mume wao, Sekake, aliwagawia sawa: mlima mmoja, mvua moja.

"Amefukia dawa," Malipuo aliwaambia majirani. "Mwanamke asiyejua hata kuokota mavi ya ng'ombe, majani hayo kayapata wapi?"

Malipuo mwenyewe aliyaokota. Katika milima isiyo na kuni, mavi makavu ndiyo moto, na rundo lake lilifika mabegani; hakuacha hata donge moja malishoni. Makhauhelo, mke mdogo, hakuinama. Mwaka ule ule alipomwoa, Sekake alimnunulia jiko la mafuta ya taa.

Kisha ng'ombe wa Malipuo akakonda. "Jumamosi namhamishia kwa mdogo wako," Sekake akasema. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyobaki katika nyumba yake. Mume alikwishahama.

Ijumaa aliruka ukuta kutafuta dawa. Alipindua donge la mavi kwa fimbo, akitarajia kitambaa chekundu kilichofungiwa dawa. Akakuta madundu weusi wakizika mavi mashimoni, na nyungunyungu wanene katika udongo laini. Akapindua jingine: hivyo hivyo. Kwake alikuwa akichimba udongo mgumu usio na kiumbe. Hata wadudu walihamia kwa mke mdogo, kwa kuwa chakula chao yeye alikichoma chote.

"Umepoteza kitu, dada?" Makhauhelo aliuliza, mikono kiunoni.

"Nimekipata. Majani yako yametoka kwenye jiko lako."

"Wivu umekupanda kichwani."

"Ulipanda zamani, mdogo wangu. Leo ndiyo umenifaa."

Jumamosi Sekake alikuja na kamba.

"Haondoki," Malipuo alimwambia. "Mavi yake yatalala yanapoangukia. Ngoja uone majani."

"Utapikia nini? Lile rundo?"

"Lile ni la msimu wa baridi. Nitapikia jiko la mume wangu."

Sekake alikunja kamba. "Nakupa mpaka mvua ziishe."

Jioni Malipuo aliingia kwa Makhauhelo, alikoketi Sekake, na chungu cha maharagwe makavu, akaepua sufuria yao, akabandika chake.

"Hayo si yataiva usiku wa manane?" Makhauhelo akanuna.

"Sina haraka," alisema, akavuta kigoda katikati yao.