Siku Nilipomwita Mama Muuza Viazi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na si kwa sababu ilikuwa nzuri. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimevaa viatu vya kuazima, nimesimama kando ya hema la kupikia huko Ndabibi. Mbele yangu alisimama mwanamke mwenye gambuti za tope na gunia mgongoni. Mtu akaniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nami nikajibu. Jibu hilo ndilo nitakalokueleza leo, lakini niache kwanza nizunguke kidogo. Mlima haupandwi kwa mbio, hasa kwa magoti kama haya yangu.

Ninyi mnaokuja kwangu Lanet siku za Jumamosi kujifunza kuigiza mnanijua kama mathe, yaani mama, wa michezo ya redio na televisheni. Mnadhani nilizaliwa nikijua kusimama mbele ya watu. La. Nilizaliwa Kuresoi, kule juu ambako baridi ya Julai huuma vidole, na viazi huota hata pale usipovipanda. Baba alitutoka nikiwa mdogo. Mama yangu, Tapkigen, alinilea kwa jembe, mimi pekee, na kwa jembe hilohilo akanisomesha.

Nilipomaliza shule niliteremka Nakuru, nikaingia kikundi cha maigizo kilichozunguka shule za sekondari kikiwachezea wanafunzi tamthilia walizotahiniwa. Nilikuwa na sauti, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyepigiwa makofi mapema. Wenzangu walizoea kuwacheka watu wanaoshuka kutoka mashambani wakiwa na udongo kwenye kucha. Waliwaita "watu wa waru", yaani watu wa viazi. Nami nikacheka nao. Ukicheka na wenzako mwaka mzima, mwanangu, mwishowe unasahau anayechekwa ni nani.

Ndipo wakaja watu wa filamu. Walipiga mahema yao Ndabibi, upande wa magharibi wa ziwa la Naivasha, wakatafuta msichana mwenye Kiingereza kizuri wa kumfundisha Kiswahili mwigizaji wao mkuu na kumwonyesha jinsi mwanamke wa shambani anavyotembea na kufanya kazi. Katika filamu hiyo angekuwa mjane anayekataa kuuza shamba la marehemu mumewe. Waliponiuliza nimetoka wapi, nilijibu bila kupepesa, "Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu ni karani wa reli." Hakuna aliyenilazimisha. Ulimi hauna mfupa.

Mwigizaji huyo aliitwa Morenike. Wazazi wake walikuwa Wanigeria waliohamia Marekani, naye akazaliwa huko. Alikuwa na miaka kama arobaini, mrefu, mwenye sauti nzito iliyokufanya usogee karibu hata asipokuita. Kamera ilimjua juzijuzi tu. Jukwaa ndilo lililomlea. Alikuwa amecheza wajakazi, wauguzi, mama wanaolia kwenye korido za hospitali, mpaka watu wakachoka kumpa mistari miwili na wakaanza kumpa mchezo mzima.

Siku ya kwanza alinipa jembe akasema kwa Kiingereza, "Nionyeshe."

Nililishika kama mtu anayeshika ufagio. "Sijui sana," nikasema. "Sisi wa mjini viazi tunanunua sokoni."

Akanitazama viganja, vyenye sugu za miaka kumi na zaidi, kisha akalichukua jembe. Wiki nzima nilimfundisha mambo niliyoyabuni, naye aliyafanya yote kwa adabu, lakini jioni nilimwona akikaa peke yake, akiinua jembe na kulishusha, akitikisa kichwa.

Sasa nirudi pale nilipoanzia. Mama alikuwa amesikia kwa mtu wa Molo kwamba binti yake anafanya kazi na wazungu wa filamu. Akaondoka Kuresoi alfajiri, akashuka Molo, akapita Nakuru, akafika Naivasha, na kipande cha mwisho akakitembea kwa miguu. Mlinzi wa lango akapaza sauti, "Dada, kuna mathe hapa anakutafuta!"

Nilimwona kabla hajaniona. Amejifunga kitambaa chake cha kanisani, lakini gambuti ni zile za shambani, maana hakuwa na viatu vingine. Gunia la viazi mgongoni, na kibuyu cha maziwa lala, yaliyoganda, mkononi. Aliponiona uso wake wote ulifunguka. Kando yangu alikuwepo msaidizi wa mwongozaji, kijana wa Nairobi mwenye mizaha. Ndiye aliyeuliza, "Huyu ni nani wako?"

"Ah, huyu?" nikasema. "Ni mama wa viazi tu. Ameletea watu wa jikoni."

Nilisema kwa Kiswahili, mwanangu. Ningesema kwa Kiingereza labda asingesikia.

Mama alinitazama. Kisha akamgeukia yule kijana, akainamisha kichwa kidogo. "Ndiyo, bosi," akasema. "Nimeleta viazi. Jikoni ni wapi?"

Akapita mbele yangu bila kunigusa.

Nilijificha kwenye hema la nguo, nikawa nakunja nguo zilizokuwa zimeshakunjwa. Kupitia upenyo nikamwona Morenike akimfuata Mama jikoni, akimsalimia kwa Kiswahili nilichomfundisha, bado akikibahatisha. "Habari ya asubuhi, mama," na jua liko utosini. Mama akacheka. "Mzuri, mtoto wangu. Keti." Wakaketi kwenye makreti, wakamenya viazi pamoja. Hawakuwa na maneno mengi ya kuelewana, ila niliwasikia wakicheka mara mbili au tatu. Nilipopata ujasiri wa kutoka, Mama alikuwa ameshaondoka. Kibuyu alikuwa amekiacha juu ya meza, hakusema ni cha nani.

Morenike aliniita. "Yule mama ni nani?"

"Anauza viazi."

"Nakuuliza mara ya pili."

Nikakitazama kile kibuyu. "Ni mama yangu."

"Najua. Mna paji la uso moja na mnacheka namna moja. Nilimuuliza kama ana watoto, mpishi akatufasiria. Unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Ninaye mmoja, msichana. Yuko na kazi kubwa na watu wakubwa. Hana shida.'"

Nililia. Hakunibembeleza. Aliningoja nimalize, kisha akanisimulia habari zake.

Alipoanza kazi, wakubwa wa jumba la maigizo walimwambia jina lake ni refu, watazamaji hawataliweza. Akalikata, akalifanya jepesi kama la wenzake, akaona amepiga hatua. Alipopata nafasi yake ya kwanza kubwa alimtumia mama yake tiketi. Mama huyo alikuwa akifanya usafi hospitalini, na siku hiyo aliomba ruhusa, akavaa kilemba chake kizuri, akapanda basi mbili. Alipofika nje ya jumba alitafuta jina la bintiye kwenye ubao. Akalitafuta kwenye mabango yote. Hakuliona. Aliona haya kuuliza, akadhani amekosea mahali, akarudi nyumbani na tiketi mkononi.

"Aliniomba msamaha kwenye simu," Morenike akasema. "Yeye aliniomba mimi msamaha, kwa kupotea."

Kesho yake alikwenda kwa wakubwa akawaambia waandike jina lote, kama alivyopewa na wazazi wake, au wasiandike kitu. Waliguna. Mchezo ule ulipoisha hawakumwita tena, na kwa miaka miwili alikuwa akikaa nyuma ya pazia kwenye majumba mengine akingoja mwenzake augue ili apate kupanda jukwaani. Baadaye mlango ukafunguka, na mama yake akaliona jina kwenye ubao kabla hajafumba macho. "Lakini ule usiku wa basi mbili," akasema, "siwezi kuurudisha. Wewe wa kwako bado yuko hai. Umekaa hapa unafanya nini?"

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliponywa na mgeni, na dawa yake ilikuwa chungu.

Asubuhi iliyofuata niliomba ruhusa nikapanda Kuresoi. Nilimkuta Mama shambani akiinulia viazi udongo. Hakuacha kazi. Aliniuliza kama nimekula, kisha akanionyesha kwa kidevu jembe la pili. Nikavua vile viatu vya kuazima, nikalima. Tulilima mistari minne, na viganja vilivyokuwa vimesahau jembe vikatoka malengelenge juu ya sugu za zamani.

Hatimaye nikasema, "Mama, nisamehe."

Akaegemea jembe. "Njiani kuja kwako nilikuwa najizoeza," akasema. "Unajua Kiswahili changu si kizuri. Kutoka Molo mpaka Naivasha nilikuwa nasema polepole nisije nikakosea mbele ya hao watu wako: 'Mimi ni mama yake Chelangat.' Hayo tu. Halafu sikupata nafasi ya kuyasema."

Mwanangu, nimechapwa na walimu, nimezomewa jukwaani Eldoret, nimezika watu wangu. Sijapata kusikia neno lililoniuma kama hilo.

"Ukiona aibu na shamba hili, sina ugomvi," akaendelea. "Shamba halina masikio. Mimi ninayo. Mwacha asili ni mtumwa, Chelangat, na mtumwa hata akivaa vizuri bado anaogopa. Nimekusamehe mimi. Lakini rudi ukaseme kwa kinywa chako, mahali palepale uliposemea."

Nikarudi. Nilisema wakati wa chai ya asubuhi, kando ya lile hema la kupikia, watu wote wamekusanyika. "Yule mama wa viazi ni mama yangu," nikasema, "na mimi ni mtoto wa Kuresoi." Yule kijana wa Nairobi alicheka. Mwongozaji hakucheka. Alikuwa ameniahidi nafasi ndogo, mistari michache ya kusema mbele ya kamera, nayo akampa msichana mwingine, akasema hawezi kumwamini mtu aliyemdanganya tangu siku ya kwanza. Nilimtazama Morenike nikitumaini ataniombea. Yeye aliendelea kunywa chai yake. Tulipokuwa wawili alinipa tu kitambaa. "Nawa uso," akasema. "Halafu nionyeshe jembe linashikwaje."

Nikamwonyesha. Safari hii nilimwonyesha kweli.

Wiki iliyofuata alipanda nami Kuresoi, akalala kwa Mama siku mbili, akalima, akala, akachomwa macho na moshi wa jikoni. Mwongozaji aliposikia akatuma salamu, anataka Mama aje aonekane kwenye filamu. Mama akakataa. "Mwambieni viazi havingoji," akasema, na hilo likaisha.

Muda ukapita, filamu ikaletwa Nakuru, nikampeleka Mama kuiona kwenye jumba la sinema. Yeye hakuwahi kuingia mahali kama pale. Alikaa ameshika kiti kwa mikono miwili. Kukawa na mahali ambapo wanunuzi wanamjia yule mjane shambani kumtaka auze ardhi. Morenike hakuwajibu haraka. Aliinama, akaokota jiwe kwenye udongo, akalifuta kwa kidole gumba, akalitia mfukoni mwa aproni. Ndipo akajibu.

Mama akanishika mkono gizani. "Huyo ni mimi," akanong'ona. "Mimi ndiye nafanya hivyo."

Na kweli alifanya hivyo. Kila alipoulizwa jambo zito, aliinama kwanza akaokota jiwe. Nilikaa naye tangu kuzaliwa na sikuwahi kuliona. Mgeni alikaa naye siku mbili akaliona. Mama hakunisuta. Alifurahi tu, akafurahi njia yote mpaka nyumbani, akiuliza kama watu wengine pia wamemwona.

Alikufa miaka mingi baadaye, mzee, kitandani mwake. Morenike alituma barua ndefu. Hadi leo bado anaigiza, nywele nyeupe kabisa, na jina lake lote likiwa kwenye ubao. Mimi nami nimepata riziki yangu kwa kuwaigiza akina mama wa kila namna, na watu wakiniuliza nilisomea wapi, nawaambia Kuresoi, na wengine hudhani ninatania.

Basi sikia, mwanangu. Wazee walisema mficha uchi hazai. Kwenye kazi hii ya kusimama mbele ya watu, na katika kazi nyingine yoyote, kile unachokifunika ili usichekwe ndicho chenye uhai. Ukikiacha nyumbani utasimama mtupu, na watu watakuona mtupu. Wazazi wako wakija kukutafuta kazini, wawe wametoka shambani au sokoni, inuka uende kuwapokea getini. Wape nafasi ya kusema maneno waliyojizoeza njiani. Kaa nao uwatazame vizuri, asije mgeni akakuonyesha mama yako mwenyewe. Na kama umekwisha kuwakana, kwa neno au kwa kunyamaza, usingoje Krismasi. Nenda wiki hii. Ukaseme palepale uliposemea, na kama kusema huko kutakunyima kitu, kikunyime. Mimi nilinyimwa mistari michache, na sijaijutia hata siku moja.

Mungu akupe kazi itakayokupeleka mbali, na akupe miguu inayojua njia ya kurudi. Waliokuzaa wakuone ungali una nguvu, nao wangali na macho. Utakapotaja jina lako mbele za watu, lisikwame kooni. Enda salama, mwanangu, na amani ya waliokutangulia ikae juu yako.