Mafuta ya Kivumbasi kwa Choa cha Ndama

Choa kilianza kwa ndama mmoja mwekundu, karibu na jicho. Kilikuwa kiduara cha kijivu, kikavu kama ukoko wa uji. Kabla mvua za mwezi wa tano hazijapungua, karibu ndama wote wa zizi lile walikuwa nacho, na sisi wakamuaji watatu tulikuwa nacho mikononi.

Shamba lilikuwa la Kaburu mmoja, upande wa Kapseret, miaka michache baada ya vita vya pili. Tulikamua mimi, mwanamke mwenzangu jirani yangu, na mzee mmoja kutoka upande wa Kakamega ambaye alikuwa amekamua hapo kabla mimi sijazaliwa. Asubuhi moja Kaburu alituambia tunyooshe mikono. Aliitazama, kisha akamwambia nyapara kwamba uchafu wa nyumba zetu umeingia katika ng'ombe wake, na kuanzia siku hiyo tusiguse kiwele. Twende tukakate miti.

Nyapara alitutafsiria, ingawa tulikuwa tumeelewa. Nikamwomba amwambie bwana kwamba ndama ndio walioanza. Alikataa. Basi nikasema mwenyewe, kwa Kiswahili kile kilichovunjika ambacho Kaburu alikitumia kwetu:

"Ndama kwanza. Mkono nyuma."

Alielewa. Uso wake ulikuwa mwekundu, akageuka akaenda zake. Nami nikaenda kukata miti nikiwa na hasira ambayo haikuisha kwa jasho.

Nyumbani mama yangu alinisugua kwa majani ya kivumbasi yaliyopondwa, yale yenye harufu kali ambayo watu walitundika ndani kufukuza mbu. Mwasho ulipungua, kiduara kikabaki. Nilijaribu majani yaliyokauka juani, nikaona ni kama kujipaka vumbi. Nilichemsha mabichi nikaosha mkono kwa maji yake, lakini hayakunisaidia sana. Ila wakati wa kuchemsha nyumba nzima ilijaa harufu hadi macho yakatutoka machozi, na hapo nikapata wazo. Majani makavu hayakuwa na harufu, na hayakuwa na nguvu. Maji yaliyobaki chunguni hayakuwa na harufu, na hayakuwa na nguvu pia. Basi nguvu ilikuwa ikitoka na mvuke na kupotelea kwenye nyasi za paa.

Kunasa mvuke tulijua, ingawa hatukusema mbele ya watu. Jirani yangu alipika chang'aa, ile pombe kali iliyokatazwa. Alinionyesha namna ya kuweka bakuli ndani ya chungu juu ya majani na maji yanayochemka, kufunika kwa sufuria yenye maji baridi, na kuziba ukingo kwa udongo. Mvuke uligonga sufuria, ukageuka matone, matone yakaangukia bakulini. Tulipofungua tulikuta maji, na juu ya maji utando mwembamba wa mafuta ya manjano. Niliyaengua kwa unyoya wa kuku.

Mara ya kwanza niliyapaka matupu, yakanichoma kama pilipili mpaka ngozi ikatoka. Mara ya pili niliyachanganya na mafuta ya mkia wa kondoo, matone machache tu. Baada ya majuma mawili kiduara kilikatika ukingoni, kikapauka, kikaisha. Mikono ya mzee ikafuata, kisha ya jirani yangu.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimeitwa mchafu, na neno lile lilikuwa bado limenikaa moyoni. Nikarudi zizini mchana kweupe, ndama walipokuwa wakinyweshwa, nikawapaka watatu kati yao, upande wa kushoto peke yake. Sikutaka mtu aje kusema kwamba walipona wenyewe. Nilifanya hivyo kila siku. Nyapara aliniona, akasema ni uchawi, na kwamba atamwambia bwana habari za chungu cha chang'aa.

"Mwambie," nikamjibu. "Mwambie pia aje atazame upande wa kushoto."

Kaburu alipokuja, majuma matatu yalikuwa yamepita. Upande wa kushoto magamba yalikuwa yameanguka na manyoya laini yanachipua. Upande wa kulia ukurutu ulikuwa palepale. Sikio la kushoto la ndama mmoja tu lilikuwa limekataa kupona, na sikulificha, nililionyesha. Alipitisha vidole, akavinusa, kisha akasema nilete chupa ya mafuta yale nyumbani kwake.

"Kwanza tukamue," nikamwambia. "Sisi watatu."

Nilikuwa najua kwamba kwa neno moja angeweza kututoa kwenye ardhi yake tulikoishi, sisi na mbuzi na mahindi yaliyokuwa shambani bado mabichi. Aliondoka. Siku ya tatu nyapara alikuja kutuita kwenye ndoo.

Tulirudi wawili. Jirani yangu alikuwa amepata kazi ya kuchuma pareto shamba jingine, na alisema mkono wake hautaingia tena katika ndoo ya mtu yule. Sikumlaumu. Chupa niliipeleka, na baadaye nikasikia Kaburu akiwaambia wageni wake kwamba ni dawa aliyoigundua yeye.

Miaka mingi baadaye mwalimu wa kilimo, kijana wa huku kwetu, alitufundisha habari za ukungu wa mahindi. Alisema choa na ukungu ni ndugu, ni viumbe hai. Nilisimama nikamweleza kuhusu mafuta yangu, na watu wengine wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema mwili wa ukungu una ganda, na ndani ya ganda kuna ngozi nyembamba yenye mafuta. Maji huteleza juu yake, lakini mafuta ya jani huingia, huilegeza ile ngozi mpaka ivuje, na kilichomo ndani kinatoka. Harufu nayo ni mafuta hayohayo yakiruka hewani. Ndiyo maana jani kavu lilishindwa.

Akaniuliza ni nani aliyenifundisha kwamba nguvu imo katika harufu. Nikamwambia hakuna. Nilichomwa macho na mvuke, nikatazama.