Pikapu ya Sista Mumbua

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa karakana ya Kajiado hakunipa spana. Alinipa stuli, akaniketisha kando ya lori lililokuwa likinguruma. "Kaa hapo usikize mpaka saa sita." Nilikuwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto, nikaona haya kukaa bure. Alipouliza nimesikia nini, nilimjibu nimesikia kelele. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema, "Gari ikizima, usifungue kitu kwanza. Uliza ni nani aliigusa kabla shida ianze."

Nilikaa chini yake miaka ya tisini karibu yote. Baadaye nikahamia gereji moja ya Kitengela, kwa meneja aliyependa kubadilisha vipuri kuliko kufikiri.

Huko ndiko Sista Mumbua, muuguzi wa zahanati moja upande wa Mashuuru, alikoleta pikapu yake. "Inazima tu nikiwa njiani," alisema. "Nikingoja kama nusu saa, inawaka."

Meneja aliagiza tubadilishe koili, ile inayozipa plagi moto. Sista akarudi. Tukabadilisha pampu ya mafuta. Kila mara tulijaza petroli, tukaijaribu mpaka Isinya na kurudi, na haikuzima hata mara moja.

Mara ya tatu alikuja macho yamemwiva. "Jana nimezalisha mama ndani ya hii gari, kwa barabara. Mtoto ako sawa, namshukuru Mungu. Lakini sasa wamama wanaogopa kupanda. Wanasema heri wabaki nyumbani." Gari nyingine ya kuwapeleka hospitali haikuwepo.

Nikapanda naye. Tulikuwa tumeenda mbali sana kwenye barabara ya Mashuuru ilipozima. Nilichomoa plagi, moto ulikuwepo. Nikafungua mpira unaoleta petroli kwa kabureta, ulikuwa mkavu. Ndipo nikamkumbuka msimamizi wangu.

"Sista, kabla ianze kuzima, ni nani aliigusa?"

"Si ni wewe, fundi? Ile siku niliileta sevisi, kabla ya haya yote."

Nilizunguka nyuma nikafungua kifuniko cha tanki. Tanki likavuta pumzi, fyuuu! Chini ya kifuniko palikuwa na kipande cha nailoni nilichokikata mimi mwenyewe kutoka mfuko wa mkate. Nilikiweka kwa wema, vumbi la Mashuuru lisimwingilie Sista kwenye petroli. Sasa kifuniko kile kina tundu dogo. Petroli ikipungua, hewa huingia hapo kuchukua nafasi yake. Nilikuwa nimeliziba, pampu ikavuta mpaka ikashindwa, na gari haikuwaka mpaka hewa ipenye polepole. Na sisi kila tukijaribu gari tulianza kwa kufungua kifuniko, tukalipa tanki hewa bila kujua.

Sista alikuwa mbele, boneti imemkinga. Ningeitia nailoni mfukoni na hakuna ambaye angejua. Naona aibu kusema, lakini nilifikiria kufanya hivyo. Kisha nikampelekea mkononi.

"Ni mimi, Sista. Yule mama alizalia njiani kwa sababu yangu."

Aliigeuza nailoni vidoleni, akanirudishia. Nilitamani anitukane. "Panda," akasema mwishowe. "Kuna mama ananingoja zahanati. Tukizima, utasukuma mpaka Kajiado."

Wakati wa kurudi nilikaa nyuma kwenye bodi, nimekumbatia sanduku la spana, nikiusikiliza mtambo kama siku ile ya stuli. Haukukatika. Hospitalini Kajiado, mama tuliyemchukua zahanati alishuka kwa miguu yake, akanishika mkono wangu wenye mafuta kwa mikono yake miwili. "Ashe oleng, asante sana, fundi. Sista amesema ni wewe umetengeneza gari." Nilimtazama Sista, naye akainama kuokota mfuko wa yule mama.

Siku hizi nimestaafu. Vijana huchomeka kompyuta na gari huwaambia ugonjwa wake, nami nawafurahia kweli. Mikono yangu inatetemeka, spana siziwezi tena. Ila kile kipande cha nailoni bado niko nacho, ndani ya Biblia yangu. Mke wangu huuliza kwa nini situpi takataka. Sijawahi kumjibu. Leo nitampa karatasi hii asome.