Gari Lililokombolewa Gikondo

Mama Kaze hakubohoza kitu. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo watu wa Masaka wangekuambia juu yake, na wangekuambia wakicheka.

Neno lenyewe inabidi lielezwe. Kubohoza, kwa Kinyarwanda, ni kumfungua aliyefungwa kamba. Lakini mwaka ule wa tisini na nne, vita vilipokwisha mwezi wa saba, Kigali ililipa neno hilo kazi nyingine. Watu waliokulia ukimbizini walirudi makundi kwa makundi, wakakuta nyumba tupu na sahani bado ziko mezani. Waliokuwa wakila kwenye sahani hizo walikuwa wameuawa, au wamekimbilia Zaire. Basi aliyerudi akaingia, akafua mapazia, akatia kufuli lake mlangoni, na akiulizwa akajibu kwamba amebohoza. Zilibohozwa nyumba, zikabohozwa pikipiki na majokofu, na wapo waliobohoza hata kuku. Hakuna aliyetamka neno wizi.

Jina lake halisi lilikuwa Mukarugwiza. Aliingia Kigali mwezi wa kumi na moja akitokea Karagwe, Tanzania, pamoja na watoto wanne, Kaze akiwa mkubwa wao, na mama mkwe aliyevimba miguu. Mumewe, Conrad, alikwenda vitani mwaka wa tisini na moja na hakurudi. Shemeji yake Zephaniah, mdogo wake Conrad, alikuwa sajenti, na alishamwekea mjane wa kaka yake nyumba ya vyumba vitano, yenye bustani na maua, katikati ya mji.

"Funguo hizi hapa, shemeji. Ingia upumzike."

"Mwenyewe yuko wapi?"

Zephaniah alicheka akidhani ni utani. Mama Kaze hakuwa na utani. Alipakia magodoro yake akaenda kupanga vyumba viwili vya udongo huko Masaka, nje kabisa ya mji, kwa mzee aliyezijenga kuta zake kwa mikono yake na aliyekuwa hai kuthibitisha.

Sasa Masaka ni mashamba. Shule ya watoto ilikuwa Gikondo, zahanati ya miguu ya bibi ilikuwa ng'ambo ya mji, na usafiri ulikuwa wa kuomba lifti kwenye malori ya msaada. Juma la pili bibi alianguka njiani, na watoto wakambeba kwa zamu. Jioni hiyo Mama Kaze alisema atapata gari la familia. Zephaniah akafurahi: magari yako mengi, yamesimama tu pale kambini, kesho atamletea.

"Sijasema uniletee. Nitanunua."

"Kununua gari? Kigali hii? Kwa pesa?"

"Kwa ng'ombe wa kaka yako niliowauza Karagwe. Kuna neno?"

Masaka nzima ilipata kichekesho cha juma. Mwanamke wa Tanzania ana ng'ombe wa watu mfukoni, na anatafuta wa kumpa. Walimshauri walau aende na mwanamume, asije akauziwa bati. Akawajibu kwamba aliendesha Landrova ya zahanati ya parokia miaka mingi, kwenye matope ya Karagwe, akiwa na wajawazito wanaopiga kelele nyuma, na hakumbuki mwanamume aliyekuja kumshikia usukani. Akafunga kilemba, akaenda Gikondo peke yake.

Gikondo ni mtaa wa magereji na maghala. Biashara ya magari huko ilifanywa kwa Kiswahili, maana huyu alitoka Mbarara, yule Bujumbura, na kila mmoja alirudi na Kinyarwanda chake. Fundi mwenye uwanja mkubwa kuliko wote aliitwa Damascène. Alikulia Goma. Alimwonyesha Mama Kaze Pijo 504 nyeupe, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ambayo wenyeji waliiita familiale. Mama Kaze aliona bibi atakavyonyoosha miguu nyuma, akaitaka papo hapo. Lakini hakuonyesha. Alilala chini akakagua sufuria ya oili, akachomoa plagi akazinusa, akawasha injini akasikiliza. Mlango wa nyuma wa kushoto tu ndio uliokataa kufunguka.

"Huo ulikufa, mama," Damascène alisema. "Ingine yote iko nguvu. Hii motokari iko mwanajeshi."

"Ni ya nani?"

"Iko yangu."

"Uliipataje?"

"Nilikomboa. Mimi mwenyewe, mu mwezi wa nane."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa neno moja. Kwa mtu wa Tanzania, gari hugombolewa bandarini, na wengi husema hukombolewa: unakwenda Dar es Salaam, unalipa ushuru, unapigiwa mihuri, gari linatoka getini likiwa halali yako. Mama Kaze alilisikia neno hilo kwa masikio ya Karagwe. Akamwona mwanamume huyu ametoka jasho kwenye foleni ya ushuru, kisha akaliendesha gari lake mpaka huku. Akamheshimu.

"Vizuri sana," akasema. "Mtu anayekomboa gari lake ni mtu wa haki."

Damascène alimtazama kidogo, kama mtu aliyesifiwa kwa jambo asilotarajia. Kisha akapokea pesa.

Safari ya kwanza ilikuwa ya vituko. Tanzania huendesha kushoto, Rwanda kulia, na mara mbili Mama Kaze alikabiliana uso kwa uso na lori. Mara ya pili dereva wa lori alitoa kichwa akamtukana, naye akamtukana kwa Kinyambo cha Karagwe, ambacho dereva hakukijua, na hiyo ilikuwa bahati ya dereva. Masaka alifika akipiga honi. Bibi alipandishwa safu ya nyuma, akanyoosha miguu, akakataa kushuka mpaka giza lilipoingia.

Mama Kaze alilifurahia gari lile siku chache tu, kisha akawapeleka watoto mtaa wa Nyamirambo kushonewa sare. Fundi cherehani aliitwa Shafiq, Mwislamu wa pale pale, na pembeni yake alikaa mwanamke mwembamba akitia vifungo. Mwanamke huyo aliinua macho barabarani, akaweka shati chini, akatoka nje.

Alilizunguka gari lote. Halafu akauliza, polepole, "Mlango huu umejua kuufungua?"

"Ulikufa," Mama Kaze alijibu.

Mwanamke alishika kitasa kwa mkono wa kushoto, akaupiga mlango chini kwa goti, pigo moja dogo, na mlango ukafunguka. Akabaki ameushikilia.

Ni Shafiq aliyemvuta Mama Kaze pembeni. "Anaitwa Daphrose. Hii gari iko ya bwana yake. Walikuwa na watoto wawili. Mu mwezi wa nne wote waliuawa kule kwao. Yeye tulimweka huku, juu ya dari yangu."

Mama Kaze alitaka kusema kwamba amenunua, na kwamba ana haki. Maneno yote yalikuwa ya kweli na hakuna hata moja aliloweza kulitamka mbele ya mkono ule ulioshika mlango. Alisema tu, "Dada, nipe siku kidogo. Nitarudi na gari hili. Naapa."

Daphrose alirudi kwenye vifungo vyake. Ahadi alikuwa amezisikia nyingi.

Kesho yake alfajiri Damascène alimwona mteja wake anaingia uwanjani bila salamu.

"Uliniambia umelikomboa! Mke wa mwenyewe yuko hai, anatia vifungo Nyamirambo!"

"Nilikomboa, ndiyo. Kubohoza. Kwa Kiswahili si ni kukomboa? Nilikuta iko mu uwanja wa nyumba, hakuna mtu. Kila mtu alibohoza, mama. Nawe ulisema vizuri sana!"

Hasira ikampanda Mama Kaze mpaka utosini, hasira juu ya Damascène, juu ya neno lenyewe, na juu ya masikio yake yaliyosikia yalichopenda kusikia.

"Rudisha pesa yangu. Gari nampelekea mwenyewe."

"Pesa ilikula kazi. Na nani atakuuliza? Mwanamke wa vifungo? Ako na karatasi?"

Hakubishana. Alitoka, akaingia kwenye Pijo, akairudisha nyuma, akaiegesha kwa upana katikati ya geti la gereji, bati hadi bati. Akavuta breki ya mkono, akatoa ufunguo, akautia kifuani mahali ambapo mwanamume mwenye heshima zake hatii mkono. Ndani ya uwanja mlikuwa na magari ya wateja, na moja lilikuwa la kanali.

Zilipofika saa sita familia yote ilikuwa pale, imeitwa na kuletwa na lori la msaada. Bibi alipanda safu ya nyuma akawasha kiko chake. Kaze na wadogo zake walipanga mafiga matatu kando ya geti, wakabandika maharage. Harufu ikaenea, mafundi wakaanza kuja na visingizio, na bibi akawagawia. Damascène alipiga kelele, akabembeleza, akamwita mwendawazimu, kisha akatuma mtu kumwita Zephaniah, maana alijua sajenti hatavumilia aibu.

Zephaniah alikuja amevimba. "Shemeji, unatutia aibu! Mtaa mzima unaangalia!"

"Waangalie."

"Gari umelinunua. Lako. Mwenyewe amekufa. Huyo mwanamke hajui hata kuendesha. Tumekaa ukimbizini miaka thelathini, tumemwaga damu, Conrad amekufa, na wewe unagombea nini?"

Mama Kaze aliweka mwiko chini. Watu waliokuwapo wanasema hakupaza sauti, na ndiyo maana walisikia kila neno.

"Baba yangu alikuwa na nyumba Rwamagana. Alikimbia nimo mgongoni mwa mama. Aliyeingia humo tulikuja kusikia habari zake: alisema aliikuta tupu. Miaka yote Karagwe baba yangu alilala na neno hilo, akaamka nalo, akafa nalo. Aliikuta tupu! Sasa mimi nirudi nchi hii niwe yule mtu? Nimfanyie Daphrose nilichofanyiwa? Kama Conrad alikufa ili tubadilishane tu zamu ya kuingia nyumba za watu, basi nionyeshe kaburi lake nikamwambie."

Bibi, kutoka safu ya nyuma, alitoa kiko akasema, "Zephaniah, kula maharage au uondoke, unazuia upepo." Akaondoka.

Siku ya pili kanali alitaka gari lake. Damascène alijua hasira za kanali kuliko alivyojua njia ya kwenda kwake, na kabla ya mchana pesa ilipatikana, ile iliyokuwa imekula kazi, yote. Mama Kaze akaipokea, akatoa ufunguo kifuani, akaiondoa Pijo, geti likafunguka. Mafundi walipiga makofi, na Damascène mwenyewe, akiona hana la kufanya, akaomba maharage.

Mama Kaze aliirudisha familia Masaka kwa Pijo ile ile, kisha akaenda Nyamirambo peke yake. Njia nzima alipanga maneno. Maana usidhani hakulitaka gari lile. Alilitaka sana. Hesabu yake ilikuwa safi: pesa anayo mkononi, gari lipo, mwenyewe sasa anajulikana. Atalinunua mara ya pili, kwa mwenye kuliuza, na hapatakuwa na kiumbe wa kumnyooshea kidole yeye wala watoto wake. Alitabasamu akipanda mlima.

Alimpa Daphrose ufunguo mkono mmoja na pesa mkono mwingine. "Gari hili ni lako hata ukiamua vipi. Lakini ukikubali kuniuzia, pesa hii hapa."

Daphrose alichukua ufunguo. Pesa hakuigusa.

"Siuzi."

Shafiq akaingilia kwa upole. "Dada, hujui kuendesha. Mu mvua hii itaoza bure. Huyu mama iko na watoto, iko na mukecuru, bibi mgonjwa."

"Ioze," Daphrose alisema. Kidevu alikiinua. "Ioze mbele ya macho yangu. Wamechukua vyote bila kuniuliza. Leo nimeulizwa. Nasema siuzi."

Iliuma. Mama Kaze aliona miguu ya bibi, akaona safari ya kila asubuhi, akaona kicheko cha Masaka kinavyomsubiri. Akamtazama mwanamke yule mwembamba aliyekunja ngumi juu ya ufunguo kama atakayepigana, na ghafla akamwelewa kuliko alivyowahi kumwelewa mtu yeyote Kigali. Akarudisha pesa kwenye mkoba.

"Umesema sawasawa, dada yangu," akamwambia. "Na akija mwingine mwambie hivyo hivyo."

Akaanza safari kwa miguu. Alikuwa amevuka Gikondo, viatu vikiwa mkononi, pikapu ya kijani ilipopunguza mwendo kando yake. Alikuwa Zephaniah.

"Shemeji! Gari iko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe."

"Wewe mwanamke, wewe..." Zephaniah alitikisa kichwa, lakini aliinama akamfungulia mlango. "Haya, panda. Masaka ni mbali, na mvua inakuja."

Mama Kaze aliushika mlango. Miguu ilikuwa inawaka moto. Aliangalia kiti, kilikuwa laini, kimevikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, maua mekundu, kazi ya mwanamke fulani aliyekaa jioni nyingi akifuma.

"Na hii, shemeji, ni ya nani?"

Zephaniah alitazama mbele, kwenye kioo. Injini ikaendelea kunguruma.

Mama Kaze akafunga mlango, taratibu, asiuharibu, na akashika njia ya Masaka.