Kadi ya Posa Isiyo na Jina

Odeta amekunja kadi kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna mshenga aliyewahi kumwambia aache nafasi ya jina wazi, mpaka alipokuja Révérien.

Huku Katumba familia inayojiheshimu haipeleki posa kwenye karatasi ya daftari. Inakwenda kwa Odeta. Yeye hukata karatasi ngumu ya manila, nyeupe, hubandika juu yake karatasi ya zawadi yenye maua, hukunja mara tatu, kisha huandika jina la binti na la baba yake kwa mwandiko aliofundishwa na masista. Kwa hiyo hujua kabla ya mtu yeyote ni nyumba gani itabishiwa hodi. Hajawahi kusema. Watu wanamwamini kwa hilo, na wanamwogopa kidogo.

Révérien ni fundi baiskeli, na posa nyingi za kijijini zimepita mikononi mwake. Siku hiyo, Jumanne, alichagua karatasi ya rangi ya dhahabu na kusema kadi inatakiwa Jumamosi. Odeta alipochukua kalamu na kuuliza jina, alijibu kwamba wataandika wenyewe. Nani ataandika? Yupo mtu. Muoaji anatoka wapi? Upande wa Inyonga. Kisha, akiwa anavaa kofia yake mlangoni:

"Bernadetha hajambo?"

"Hajambo. Kwa nini?"

"Salamu tu, mama. Siku hizi na salamu zinaombewa kibali?"

Bernadetha ni mtoto wake wa pekee, ana miaka ishirini na mbili, na mwezi uliofuata alikuwa anakwenda Sumbawanga kuanza chuo cha uuguzi. Odeta mwenyewe aliolewa akiwa kidato cha pili. Mumewe alipofariki alibaki na mtoto mgongoni na mkasi mkononi, akaapa kwamba mtoto huyu haingii kwa mtu kabla ya kushika cheti chake.

Kuanzia jioni ile alianza kumchunguza binti yake. Simu ikiita, Bernadetha alitoka nayo hadi nyuma ya jiko, akaongea kwa sauti ya chini. Alipiga pasi gauni ambalo halikuwa na safari. Jumatano akauliza kama mama yake atakuwepo nyumbani Jumamosi, naye Odeta akamwuliza ni lini alimwona akihama. Mwishowe alishindwa kuvumilia.

"Kuna mtu?"

"Mtu gani, mama?"

"Wa Inyonga."

Bernadetha alicheka, akamwambia akunje kadi za watu aachane na mambo mengine. Odeta aliona kicheko kile kimekuja haraka mno.

Alhamisi, Bernadetha alipokwenda mjini Mpanda kutafuta sare za chuo, Odeta aliitoa ile karatasi ya dhahabu.

Manila ina nyuzi zake kama mbao. Ukiipinda taratibu upande huu na upande ule, kuna upande unaokubali na upande unaokataa. Odeta hakunji kadi kabla ya kuipima hivyo. Akishajua, huchora mstari kwa kalamu iliyokwisha wino, hukunja, halafu hulaza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Kadi iliyokunjwa kwa kufuata nyuzi hulala kimya. Iliyokunjwa kinyume, hata uilalie, baada ya siku moja au mbili hujifungua yenyewe.

Aliipima. Halafu akaigeuza, akaikunja kinyume.

Alijua anachokifanya. Kadi ya posa huwekwa mbele ya wazee ikiwa imefungwa, na mzee wa nyumba ndiye huifungua. Ikikaa wazi, kila anayepita na chai anasoma, na wazee huhesabu hilo kuwa dharau. Mshenga hupigwa faini ya kreti ya soda na kurudishwa akaanze upya. Hadi aanze upya, Bernadetha angekuwa Sumbawanga.

Ijumaa Révérien aliichukua, akaisifia.

Jumamosi saa nne Odeta aliitwa kwa kaka yake, Jean Bosco. Hakushangaa. Mtoto hana baba, posa lazima iende kwa mjomba. Alivaa kitenge chake kizuri na njiani akapanga maneno.

Ndani alimkuta Jean Bosco, Mzee Arcade jirani yake, na Révérien akitokwa jasho. Kadi ilikuwa juu ya stuli, wazi. Jean Bosco aliibana kwa dole gumba, akaiachia, ikafunguka tena.

"Huyu mshenga katuletea kadi inayopiga miayo," alisema Mzee Arcade. "Tuipe na mto ilale?"

Odeta hakungoja kukaribishwa. Alisema mtoto haolewi, mtoto anakwenda chuo, na nyie wazee mjue hivyo.

"Mtoto gani?" Jean Bosco aliuliza, akamkabidhi kadi.

Mwandiko ulikuwa wa Bernadetha, zile herufi za mviringo alizofundishwa na Odeta mwenyewe. Fortunatus wa Inyonga, mgane, aliomba kumwoa dada yao, Odeta.

Odeta aliketi. Fortunatus alikuwa mwuza asali. Kila mwezi alinunua kwake vipande vya karatasi ya maua vya kufunikia chupa zake, na hakuwahi kusema lolote zaidi ya kwamba karatasi ni nzuri kuliko asali. Kwa hiyo Révérien angewezaje kumtajia jina lake mwenyewe, aliandike kwa mkono wake? Hilo alilielewa. Mengine hakuyaelewa. Mwanamume wa maneno machache vile anatafuta mke, au anatafuta mpishi? Na Bernadetha, anamwonea mama yake huruma ya kubaki peke yake, au anamtafutia mlinzi?

Wazee walikuwa wameshafika kwenye faini ya soda. Jean Bosco alitaka kreti mbili.

"Msimtoze," Odeta alisema. "Kadi nimeiharibu mimi, kwa makusudi. Nilidhani ni ya Bernadetha."

Mzee Arcade alicheka hadi akashika mbavu. Révérien alivua kofia akajipangusa uso, akasema tangu asubuhi alidhani amerogwa. Jean Bosco hakucheka. Aliuliza wampe mshenga jibu gani.

Odeta alisema jibu lake hatalitoa kupitia kwa mtu.

Aliporudi nyumbani, Bernadetha alikuwa mlangoni, amevaa lile gauni lililopigwa pasi. Mama yake alimpita, akakaa mezani penye mkasi na rula, akamwuliza nani alianza jambo hili.

"Yeye, Fortunatus. Mimi niliandika tu."

"Umeandika kwa sababu unaondoka?"

"Nimeandika kwa sababu aliniomba. Na kwa sababu naondoka."

Odeta aliusogeza mkasi pembeni.

"Mwambie aje Jumatano," alisema. "Nitamwuliza mwenyewe. Na asije na Révérien."