Alama ya Ukucha

Ngo, ngo. Bado nasikia karani mstaafu akigonga vyungu katika soko la Kakamega, sikio kalisogeza kama daktari kifuani pa mgonjwa. Kisha hukigeuza chungu, akipapasa kitako, akitafuta alama moja tu ya ukucha: kazi ya mfinyanzi stadi wa Malava, ambaye hajawahi kumwona. Vyungu hivyo vimejaa sebuleni kwake; wageni hukaa nje. Jumamosi moja alimrudishia muuzaji chungu.

“Mama, hii ni bandia. Fundi wa Malava hawekangi alama mbili.”

Mama akacheka hadi kitambaa kikamvuka kichwani. “Mzee, fundi wa Malava ndiye mimi! Nawekanga mbili tangu nikiwa msichana.”

Soko zima likaangua kicheko. Karani akamwinamia, akanong’ona, “Sasa vile vya nyumbani ni vya nani?”