Kunigunda Wawili wa Tarehe Mosi Julai

Ilitangazwa rasmi, na tangazo likabandikwa mlangoni mwa kliniki, kwamba tangu sasa kompyuta itamtambua kila mgonjwa papo hapo, kwa hakika, bila kumchanganya na mwingine.

Kunigunda Ndunguru wa Ukata alilisoma akisubiri dawa zake za presha. Alipofika dirishani akaambiwa alishafariki, tangu masika.

Karani, binti aitwaye Dorah aliyehamishiwa huku kutoka Singida, alimpa shikamoo kwanza, maana hata marehemu ni mtu mzima. Kisha akamsomea maisha yake. Alikuwa na kisukari. Alijifungua mara moja, mtoto wa kiume, Benno, akafa hajaanza kutambaa.

Kunigunda hakuwahi kuzaa. Alirudi nyumbani mikono mitupu, kichwa kikimgonga, na njia nzima kwenye mibuni alisikia mtoto akilia mgongoni. Mgongoni palikuwa na kitenge tu.

Siku iliyofuata akarudi kliniki.

"Mwanangu," alimwambia Dorah, "kama nimekufa, sawa. Lakini huyo mtoto mbona ananifuata?"

Dorah hakucheka. Alipekua mpaka akampata Kunigunda Ndunguru mwingine, wa Mpepai. Mashine ilikuwa imewafanya mtu mmoja: jina lile lile, wote wa tarehe mosi Julai, simu moja. Lakini huku akina Ndunguru ni wengi kama mibuni yenyewe. Mosi Julai hupewa yeyote asiyejua siku aliyozaliwa. Na simu ilikuwa ya Joakim, bodaboda anayeleta wagonjwa wa kata zote mbili. Asiye na simu huandikisha ya Joakim.

"Mama, kitu alicho nacho kila mtu hakimtambulishi mtu," alisema Dorah. Akaiamuru mashine isivihesabu tena vitu hivyo kuwa ushahidi, badala yake itazame jina la mama mzazi na kijiji. Kunigunda wakatengana. Kifo kikafutwa, na wa Ukata akapewa dawa.

Kilio kikakoma. Nyumba ikawa kimya kuliko alivyotaka, hata baada ya wiki akamwomba Joakim ampeleke Mpepai kutoa pole.

Mume wa marehemu, mzee Hamphrey, alimwonyesha makaburi mawili, kubwa na dogo. Kunigunda akapiga magoti penye lile dogo, akakaa hapo muda.

Wakati wa kuagana, mzee alitaja, kwa upole tu, kwamba juzi alifuata kliniki karatasi za kifo. Walimwambia mkewe ni mzima, ila amechelewa kuja kupima sukari.